Wifi Yangu na Kikohozi cha Baba

Wifi yangu Tuntufye aliishi na baba yangu katika ua mmoja miaka kumi na moja bila kumtazama usoni. Si kwamba waligombana. Watu wasiosemezana watagombanaje? Ndio utaratibu wa ukoo wetu hapa Busale: mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akimsikia anakuja, anapisha njia. Akimkuta ghafla, anageuka, anachutama, anajifunika khanga. Jina lake halitaji. Siku hizi familia nyingi zimeacha, hasa hao wa Kyela mjini. Unakuta mkwe na baba wa mumewe wamekaa kochi moja wanaangalia mpira. Sawa, kila mtu na kwao. Kwetu baba alishikilia, na wifi akashikilia kuliko baba. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana mbele huko sitaki kicheko.

Baba anaitwa Zabroni. Basi wifi hata kanisani hasemi Zaburi, kwa kuwa neno hilo linakaribiana na jina la mkwe wake. Husema "nyimbo za Daudi". Mchungaji mmoja mgeni aliwahi kumsahihisha mbele ya watu, naye akainamisha kichwa tu. Tulipotoka nje nikamtania, nikamwambia, wifi, ukifika mbinguni na kumkuta Mungu Baba utafanyaje? Akanijibu bila kucheka, "Atakohoa kwanza, nitapisha."

Mimi ni Anyisile, mtoto wa kwanza wa mzee Zabroni. Nina kibanda cha chakula Kasumulu, hapo mpakani, napikia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Malawi. Ambwene ni mdogo wangu, ndiye mume wa Tuntufye, na ndiye aliyebaki nyumbani na mashamba ya mpunga na mikakao ya baba. Mama yetu alifariki zamani, amezikwa hapo hapo uani nyuma ya migomba. Tangu hapo chakula cha baba hupikwa na wifi. Kila Jumapili nilikuwa napanda bodaboda nakwenda kuwaona, ndiyo maana nayajua haya, na yale ambayo sikuyaona nilisimuliwa na wifi mwenyewe, tena kwa kirefu, maana huyu akianza kusimulia ugali unaungua.

Sasa watu wawili wasioonana wanaishije ua mmoja? Kwa masikio. Baba alikuwa na kijumba chake upande mmoja, jiko la wifi upande wa pili, na katikati uwanja mtupu. Baba hakutoka nje bila kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha makusudi, kifupi, cha kusema natoka. Wifi akikisikia anaingia jikoni. Akimaliza kupika, anapeleka chakula kwenye kigoda chini ya upenu wa baba, anagonga mfuniko wa sufuria mara mbili, anaondoka. Baba anangoja hatua zake zipotee, anakohoa, anatoka, anakula barazani. Akishiba anagonga sahani na kijiko. Kugonga mara moja ni nimemaliza. Kugonga mara nyingi ni ndaga, asante, leo umepika. Wifi alikuwa na sikio la hilo. Siku ambayo baba aligonga mara nyingi, nilikuwa namwona anatabasamu peke yake huku akisugua masufuria, nami nilikuwa naona wivu kidogo, kwa sababu mimi binti yake wa kumzaa hajawahi kunigongea sahani.

Na baba naye alikuwa anamsikia. Alijua kwa mlio wa mchi kama wifi ameamka vizuri au ana homa. Siku moja aliniambia, "Huyo wa jikoni ana mimba, mwambie Ambwene amtafutie mtu wa kumsaidia kutwanga." Nikamwuliza, Tata, umejuaje? Akasema mchi unapumzika katikati. Wifi alikuwa hajamwambia hata mumewe.

Nilikuwa namwuliza baba kila nikifika, Tata, hali yako? Alikuwa na jibu moja. "Nimetosheka, mwanangu." Siku nyingine nilikasirika, kwa kuwa bati la nyumba yake lilikuwa linavuja na blanketi limechakaa, nikamwambia, umetosheka na nini wewe? "Naisikia nyumba," akasema. Nikaona ni maneno ya mzee, nikaendelea kumenya ndizi.

Halafu Ambwene akanunua mashine ya kukoboa mpunga.

Sitaki nionekane mnafiki. Siku mashine ilipoletwa kwenye lori nilikuwepo, na nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Watu wa Busale walikuwa wanabeba mpunga wao mbali. Sasa mashine iko kwetu, na wenye viroba watakuja kwetu. Mchungaji aliiombea. Kibanda chake kilijengwa pale kwenye uwanja mtupu, katikati ya jiko la wifi na kijumba cha baba, kwa sababu ndipo njia ya baiskeli na pikipiki inapoingilia. Hakuna aliyeuliza uwanja ule ulikuwa wa kazi gani. Hata mimi sikuuliza. Uwanja ni uwanja.

Ilikuwa injini ya dizeli, ya zamani, yenye bomba la moshi lililotoboka kando. Ikiwashwa, bati za nyumba zote zinatetemeka. Ni msimu wa mavuno, foleni ya viroba ilianza asubuhi na kuisha jua likizama. Watu walizungumza kwa kupiga kelele, na ilipozimwa waliendelea kupiga kelele, masikio yameshazoea. Ambwene alianza kuniambia "eeh?" kwa kila neno. Wifi alianza kuumwa kichwa kila siku, akajifunga kitambaa kichwani, akawa anawafokea watoto kwa mambo madogo. Na mchi wake ukakaa kimya, maana nani atatwanga wakati mashine ya mumewe iko mlangoni?

Mimi mwenyewe naishi kwenye kelele. Kasumulu malori yanaunguruma mchana na usiku, wenye vipaza sauti wanatangaza bidhaa zao, na jirani yangu ana baa. Nalala fofofo. Kwa hiyo Ambwene aliponiambia dada, kelele ni kuzoea tu, nilimwunga mkono. Ilinichukua muda kuelewa tofauti. Kule Kasumulu hakuna mtu ninayemsikiliza. Kelele zikipita, hazimfuniki mtu wangu.

Mara ya kwanza walikutana kwenye kona ya bafu. Wifi anatoka kisimani na ndoo kichwani, baba anatoka kuoga. Baba alikohoa, kama kawaida yake, akakohoa tena, lakini injini ilikuwa inaunguruma na hata yeye mwenyewe hakujisikia. Wakakutana uso kwa uso. Wifi akaangusha ndoo, akachutama kwenye tope la maji yake, akajifunika. Baba akageukia ukuta wa bafu, akasimama hapo amelowa, na taulo begani, mpaka wifi alipopata nguvu za kuondoka. Wateja wa mashine waliona. Wengine wakacheka. Mzee mmoja hakucheka, akatikisa kichwa, na hiyo ndiyo iliyomwuma wifi zaidi.

Ilitokea tena, na tena. Baba akaanza kujifungia ndani mashine ikiwaka, na mashine iliwaka siku nzima. Mambo ya chakula yakaharibika. Wifi anagonga mfuniko, baba hasikii, ugali unapoa kwenye kigoda, kuku wanakuja. Baba akimaliza anagonga sahani, wifi hasikii, anakuja kuchukua vyombo na kumbe baba bado yuko barazani, basi anakimbia kama mwizi. Akaanza kupeleka chakula akiwa amefumba macho nusu, anakitupa pale, anarudi mbio. Baba akaona anatupiwa chakula. Wifi akaona hasifiwi tena. Hakuna hata mmoja aliyekosea, na wote wawili wakawa wanaumia.

"Wifi," aliniambia siku moja tunachambua mchele jikoni, na ilibidi aniambie sikioni, "baba ananichukia."

"Nani amekwambia?"

"Hagongi tena."

"Anagonga, husikii."

"Basi ni sawasawa," akasema, akaanza kulia juu ya ungo.

Nikaenda kwa baba. Nilimkuta amekaa kitandani, dirisha amelizibia gunia. Nikamwuliza, Tata, hali yako? Hakusema ametosheka. Alisema, "Nimemwita Hezroni aje anichukue." Hezroni ni mdogo wake, anaishi ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Nikamwambia utaachaje kaburi la mama? Akanijibu kuwa kaburi halina kelele, litamngoja. "Hapa namsumbua mke wa mwanangu," akasema. "Kila nikitoka namtia aibu. Mtu mzima hawezi kuishi kama panya, anachungulia ndipo atoke."

Hapo ndipo nilipojua jambo limekuwa kubwa. Mzee akihama kwa mwanawe akaenda kufia kwa ndugu, kijiji hakitasema ni mashine. Kijiji kitasema mkwe amemfukuza. Tuntufye angebeba jina hilo mpaka kaburini, na binti zake wangeulizwa habari zake siku wakichumbiwa. Yeye alilijua hilo kabla yangu. Ndilo lililokuwa linamwumiza kichwa, si moshi wa dizeli.

Nikamwendea Ambwene nikiwa na hasira zangu zote. Nilimwambia aondoe lile dude. Akazima mashine, kwa heshima, akajifuta pumba usoni.

"Dada, hilo dude ndilo linalolipia ada za watoto. Bati la baba limebadilishwa kwa hilo dude. Wasalimiane tu kama watu wengine, yaishe. Hii ni karne gani?"

Na mimi, niseme ukweli, nikaona ana hoja. Nikaenda kwa wifi na hoja hiyo hiyo. Nikamwambia salimia mzee, "mughonile Tata", basi, mwisho wa shida. Aliacha kupeta, akaniangalia kama vile nimemwambia auze mtoto.

"Wifi, wewe una watu wengi wa kuzungumza nao," akasema. "Mimi nilikuja hapa nina miaka kumi na tisa, simjui mtu. Mume wangu analala, anaamka, anakwenda shamba. Aliyekuwa ananisikiliza ni baba. Nikitwanga alinisikiliza. Nikiimba alizima redio yake. Nikimsalimia sasa itakuwa salamu tu, kama ya mtu wa njiani. Hiki tulichonacho ni kikubwa kuliko salamu."

Nikauchukua ule ungo, nikapeta mimi.

Katika wiki hizo alipita msichana mmoja wa chuo, Nancy, ana kishikwambi mkononi. Alikuwa anazunguka kwenye nyumba zilizo karibu na mashine na baa, anauliza watu kuhusu kelele na kuridhika na maisha. Binti mpole, ana adabu, alipiga magoti kumsalimia baba. Mashine ilikuwa inawaka. Akamwuliza kwa kupaza sauti, babu, kutoka sifuri mpaka kumi, umeridhika kiasi gani na maisha yako?

"Ya mwaka huu au ya mwaka jana?" baba akauliza.

"Ya sasa, babu."

Baba akamjibu kitu kirefu, mdomo ukawa unacheza, lakini hata mimi niliyekaa pembeni yake sikukipata. Nancy akasogeza sikio. "Sijasikia, babu."

"Basi andika hivyo hivyo," baba akasema.

Hezroni alituma habari kwamba atakuja Jumamosi. Baba akafunga nguo zake kwenye begi la zamani la mama. Wifi aliliona lile begi mlangoni, na usiku ule hakula.

Alhamisi asubuhi wifi alipeleka uji, akagonga mfuniko, akarudi. Mashine ilikuwa imeshawashwa, foleni imefika barabarani. Alipokwenda kuchukua chombo akakuta uji uko vile vile, umeganda ngozi juu. Akaubeba akarudi nao. Hakuita, hakugonga mlango, kwa sababu mkwe hagongi mlango wa baba mkwe. Mchana akapeleka wali na usipa, dagaa wetu wa ziwani, wale wa kukaanga na nyanya ambao baba aliwapenda kuliko vyote. Akagonga mfuniko kwa nguvu mpaka ukabonyea. Alirudi baadaye akakuta kuku wamepanda kigoda na wali umetapakaa chini.

Mtu mwingine yeyote angesema mzee anaumwa. Wifi hakusema hivyo. Kwetu mzee akitaka kumwambia mkwe kwamba wameachana, hasemi, anaacha chakula chake. Wifi akajua moja kwa moja: baba hakungoja Jumamosi, amemkatalia chakula, wameshaagana. Akaokota wali mmoja mmoja kwenye vumbi, akaingia jikoni, akafunga mlango, akalia kwa sauti kubwa kadiri alivyotaka, maana nani angemsikia? Aliniambia hilo ndilo jambo zuri pekee ambalo mashine ilimfanyia.

Alasiri mkanda wa mashine ulikatika. Ulilia kama mjeledi, watu wakaruka pembeni, Ambwene akazima injini. Wateja wakaguna. Ambwene akachukua pikipiki kwenda kutafuta mkanda mwingine. Na uwanja wote ukawa kimya kama zamani, mpaka wifi kule jikoni akasikia kuku wakiparua.

Halafu akasikia kitu kinagongwa. Bati kwenye saruji. Kinagongwa, kinapumzika, kinagongwa. Mwanzoni alidhani ni sahani. Akajisemea, baba amekula. Kisha akakumbuka kwamba sahani anayo yeye, iko mbele yake, haijaoshwa.

Akatoka jikoni. Akavuka uwanja, akapita kibanda cha mashine, akafika kwenye mlango wa baba, akasimama. Kugonga kuliendelea ndani, kudogo. Miaka kumi na moja hakuwahi kukanyaga kizingiti kile. Hakujua aseme nini, kwa kuwa neno la kumwambia hakuwa nalo. Basi akafanya alichokijua. Akakohoa. Kikohozi kifupi, cha makusudi, cha kusema naingia.

Kugonga kukakoma. Akaingia.

Baba alikuwa chini, kati ya kitanda na mlango, na kikombe chake cha bati mkononi. Alikuwa ameanguka tangu alfajiri akienda kuchungulia kama njia iko wazi. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikuwa amejichafua. Alipomwona wifi, aligeuza uso ukutani, kwa heshima, hali mtu anakaribia kufa. Wifi akavua khanga yake moja akamfunika miguuni, akapiga magoti, akampakata kichwa, naye akiwa ameangalia upande mwingine. Wakakaa hivyo, hawatazamani, mpaka watu wa viroba waliposikia kilio cha wifi na kuja kusaidia kumbeba.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu aliyevunjika ni mkuu mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemsikia.

Nilifika hospitali Kyela jioni ile nikiwa bado na aproni ya kazini. Baba alikuwa hana sauti, inatoka hewa tu. Nikadhani ni maumivu. Siku ya pili alipopata nafuu kidogo nikamwuliza, Tata, kwa nini hukuita? Ambwene alikuwa amesimama pale miguuni mwa kitanda.

"Niliita," akasema baba.

"Ulimwita Ambwene?"

"Ambwene alikuwa kwenye mashine. Nilimwita aliye karibu." Akalamba midomo. "Nilimwita Tuntufye."

Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwa baba. Lilitoka kwa taabu, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Nikamwuliza alimwita mara ngapi. Akasema asubuhi yote mpaka sauti ikakatika, ndipo akashika kikombe.

Ambwene akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta amechuchumaa kwenye ukuta, mikono kichwani. Toka alipokuwa anamimina mpunga mpaka mlango wa baba unaweza kurusha jiwe kwa mkono wa kushoto ukafika. Nina mdomo, lakini si mnyama.

Hakungoja baba atoke hospitali. Aliing'oa mashine, akaihamishia njia panda, mbali na nyumba, kwenye kiwanja cha kukodi. Wateja wengine walihama, kwa sababu huko kuna mashine nyingine jirani na ushindani ni mkali. Wapo waliomcheka, kwamba ameangusha biashara kwa ajili ya kikohozi cha mzee. Ambwene huwa hajibu, na pengine kweli hasikii vizuri. Hezroni alifika Jumamosi kama alivyosema, akaja moja kwa moja hospitali, akakaa na kaka yake mchana mzima, akavuka mto kurudi kwake peke yake. Begi la mama lilirudi chini ya kitanda.

Mimi nilipeleka habari kwa wifi. Nilidhani namfurahisha. Nilimwambia, wifi, kumbe baba alikuwa anakuita wewe. Kwa jina lako. Asubuhi yote.

Alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye pumba zilizobaki uwanjani.

"Aliniita Tuntufye?"

"Tuntufye."

"Na mimi nikachukua uji nikarudi nao," akasema.

Nilimwambia si kosa lake, nikasema yote ambayo watu husema. Hakuwa ananisikiliza. Miaka yote ile hakuwa ameomba kuitwa, na hakuwa ametarajia kuitwa, na siku alipoitwa, injini ilikuwa inakoboa mpunga wa watu. Mchana ule alipika, akafua, akafanya kila kitu, lakini kila mara alikuwa anasimama katikati ya kazi, shingo imeinama upande mmoja, kana kwamba ile sauti bado iko hewani na inaweza kufika.

Baba alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa. Kumwogesha ilikuwa kazi yangu na Ambwene; nilifunga kibanda Kasumulu, madereva wakatafute kwingine. Wifi alipika. Mfuniko ukagongwa kama zamani, sahani ikagongwa kama zamani, ila sasa baba alikulia ndani, mimi nampelekea kutoka kwenye kigoda. Nilifurahi, nikadhani tumerudi tulikotoka. Lakini wifi alikuwa na lake.

"Wifi, mwombe arudie," akaniambia.

"Arudie nini?"

"Jina."

Nikamwambia ana mdomo, akaombe mwenyewe. Kisha nikaona aibu, nikaenda. Baba alinisikiliza, akatazama bati lake jipya. "Jina nililiita kwa shida," akasema. "Sasa sina shida. Haliitwi bure." Nikarudisha jibu hilo jikoni, nikiwa nimechoka kuwa daraja la watu wawili wakaidi. Wifi akasema, "Ana haki." Akaendelea kukuna nazi, hakulitaja tena.

Jumapili moja asubuhi tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani. Ambwene ameshatangulia na watoto. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha baba nampakia viatu kiwi, ingawa hakuwa wa kwenda popote, alipenda tu viwe vinang'aa. Wifi alikuwa nje ya mlango wa jiko, anatwanga, kwa sababu baada ya mashine kuhama alikuwa amerudia kinu chake. Uwanja mtupu kati yetu. Mchi ulikuwa unapiga vizuri, polepole, bila kupumzika katikati.

Baba akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, nikajua anasikiliza kwa sababu aliacha kuninung'unikia kuhusu viatu. Kisha akajiinua kwa viwiko, akageukia mlango, akaita kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo.

"Tuntufye."

Mchi ukasimama.

Nikatazama jikoni. Wifi alikuwa amesimama na mchi mikononi, mgongo kwetu, na hakugeuka. Mkwe haitikii. Nilitaka nimwambie itika, mjinga wewe, ni leo tu, na nikawa tayari nalia na kiwi imenipakaa mashavuni. Akauweka mchi chini. Akainama, akachukua mfuniko wa sufuria, ule uliobonyea, akaugonga.

Aliugonga mara nyingi, zaidi ya mbili, mpaka nikapoteza hesabu. Baba akalala chali akausikiliza wote mpaka ulipoisha. Halafu akakohoa kidogo, na wifi akaingia jikoni kupakua uji.